Utani Hauna Spika

Siku niliyomsalimia binamu yangu Gideoni kwa heshima ndiyo siku niliyotangaza vita, na kijiji kizima kilielewa hivyo.

Mgeni atashangaa. Mama yake Gideoni ni dada wa baba yangu, kwa hiyo mimi na yeye ni watani wa kuzaliwa, na kwetu Uheheni watani wa namna hiyo hawapeani heshima. Tangu tukiwa hatujui kufunga vifungo aliniita "mdala wangu", yaani mke wangu, na mimi nikamwita mume wangu mbovu. Asubuhi akipita mbele ya meza yangu ya nyanya pale barabarani, salamu yake ilikuwa, "Kizee, bado hujafa? Mimi jembe nimeshanoa." Namjibu kwamba nitakufa siku atakayojifunza kuoga. Anachukua nyanya moja bila kuomba, anaing'ata mbele ya wateja wangu, anaondoka zake. Ndivyo tulivyopendana kwa zaidi ya miaka arobaini.

Kijiji chetu kiko kando ya lami, ukitoka Ilula unaelekea Iringa mjini. Tunaishi kwa nyanya. Basi likipunguza mwendo tunakimbilia madirishani na ndoo, abiria ananunua, basi linaondoka. Serikali ya kijiji ikajenga soko kule bondeni nyuma ya shule, ikataka tuhamie huko. Gideoni na chama chake walisema kila kitu kina mahali pake, barabara ni ya magari, na kijiji kisichofuata utaratibu hakina amani. Mimi na chama changu tulisema hakuna basi litakaloteremka bondeni kufuata nyanya, na kwamba wanaoishi kwa barabara ndio waulizwe kuhusu barabara. Vyama vyenyewe sivitaji, vina wasemaji wao. Uchaguzi wa kijiji ulipofika, Gideoni aligombea uenyekiti upande ule na mimi upande huu.

Kugombea si kosa. Hata siku tuliyochukua fomu alinitukana vizuri tu, akasema nikishinda atahamia Malawi. Kosa lilikuja siku ya mwisho ya kampeni. Lilikuja gari la matangazo kutoka mjini, limejaa vijana wa fulana mpya ambao sijawahi kuwaona, na Gideoni akapanda juu yake akashika maiki.

"Huyu mnayetaka kumpa kijiji," alisema, "mume wake Anord aliukimbia mdomo wake! Alikimbia mpaka Igawa, akakaa chini apumzike, akasikia bado unaongea, akainuka akaendelea mpaka Mbeya!"

Maneno hayo hayakuwa mapya. Mara ya kwanza aliyasema jikoni kwangu, wiki ile ile Anord aliponiacha, nikiwa nimekaa chini sijala wala sijachana nywele. Nilicheka mpaka nikalia, nilipomaliza kulia nikala ugali. Ndiyo maneno yaliyoninyanyua. Miaka yote aliyarudia na miaka yote nilicheka. Lakini siku ile waliocheka ni wale vijana wa fulana, wasiomjua Anord wala jiko langu, wakapiga honi, na spika ikaipeleka aibu yangu mpaka ng'ambo ya mto. Watoto wakanitungia wimbo. Nikashindwa uchaguzi.

Asubuhi iliyofuata alikuja mezani kwangu kama kawaida, nyanya ikiwa tayari mkononi. Nikasimama, nikafuta mikono kwenye kitenge, nikapiga goti.

"Shikamoo, ndugu mwenyekiti," nikasema. "Hongera kwa ushindi."

Akairudisha ile nyanya mezani, taratibu, akaipanga na wenzake. Kesho yake alipopita alisema, "Habari za asubuhi, dada Lusia." Dada! Binamu akikuita dada amekutoa kwenye ukoo na kukuweka kwenye foleni ya posta.

Kijiji nacho kikagawanyika. Watu wa chama chake wakawa wanakunywa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, kwa Peter, wetu kwa Frida. Kanisani wao walikaa kulia, sisi kushoto, na wakati wa kupeana amani kila upande ulipeana amani wenyewe kwa wenyewe. Mjane mmoja wa kwetu alikataliwa kuazima sufuria kubwa ya shughuli, kwa sababu sufuria ilihifadhiwa kwa mtu wa upande ule. Na mimi sikuwa na huruma zaidi yao. Walipokuja kununua nyanya niliwachagulia zilizopondeka.

Masika ikaja na ajali. Mke wa Gideoni, Goodness, alikuwa na meza jirani na yangu. Ndiyo, mke wa mwenyekiti mwenyewe aligoma kwenda bondeni, na mimi nilikuwa namwonyesha kwa kidole kila mtu aliyetaka kunieleza habari za utaratibu. Siku hiyo kulikuwa na mvua na ukungu. Alikimbilia basi na ndoo yake, na lori lililokuwa linalipita basi halikumwona. Mimi ndiye niliyemvuta kutoka kwenye lami. Nilimfunga mguu kwa kitenge changu na njia nzima mpaka hospitali nilimshikilia mapajani huku nikimwambia asilale.

Mguu ulikatwa chini ya goti. Nilipokwenda tena kumwona nilimkuta Gideoni kwenye benchi nje ya wodi, amekaa mikono katikati ya magoti. Nikampa mkono.

"Pole sana, ndugu mwenyekiti. Mungu akutie nguvu wewe na familia."

"Tunashukuru kwa kutujali, dada Lusia."

Nikampita, nikaingia kwa Goodness.

Gideoni aliporudi kijijini alirudi na mgambo. Walipindua meza zote asubuhi moja, nyanya zikabingirika barabarani na magari yakapita juu yake mpaka lami ikawa nyekundu. Yeye alisimama ng'ambo ya barabara kwenye koti lake la mikutano, akasema kwa sauti ya kusoma, "Ndugu wananchi, hatua hii ni kwa usalama wenu." Kesho yake tulizipanga tena. Wiki iliyofuata walizipindua tena. Vijana wetu wakaanza kuweka mawe chini ya meza, na vijana wao wakaanza kutembea na fimbo.

Katikati ya hayo yote baba yangu alikuwa anakufa.

Mzee Sifaeli alikuwa na ugonjwa wa kifua, na kichwa chake kilikuwa kizima kuliko cha wengi wetu. Aliniita kitandani akaniuliza, "Lusia, nani atalala kwenye kaburi langu?"

"Si wewe, baba? Ndiyo maana litachimbwa."

"Usinifanyie mzaha. Gideoni atakuja?"

Nieleze hapa alichokuwa anauliza. Mzee wa kwetu akifa, mpwa wake ndiye mtani wa kaburi. Kabla jeneza halijateremshwa mpwa anaruka ndani ya shimo, analala chali, anasema hatoki. Anamtukana marehemu, anataja uchoyo wake na matege yake na alivyokuwa akikoroma kanisani. Anawatukana wafiwa. Wafiwa wanamjibu, wanampa anachodai, ndipo anatoka na maziko yanaendelea. Wachungaji hawapendi. Lakini mimi nimewaona wajane ambao hawakutoa hata chozi siku nzima wakicheka pale, kisha wakalia vizuri, na wakaweza kurudi nyumbani.

"Atakuja," nikamwambia. "Atakuja amevaa koti."

"Koti silitaki. Msinizike kwa adabu kama ofisa aliyehamishiwa hapa juzi." Alikohoa mpaka nikamnyanyua. "Gombaneni mkitaka, hiyo ni shauri yenu. Lakini mtani wangu nimtake kwa nani? Nenda kaniletee."

Nilimwahidi. Nilimwahidi na sikujua nitafanyaje, maana mtu huwezi kumwomba akutukane. Akikutukana kwa sababu umemwomba, amekusaidia tu.

Ikatokea kwamba shirika moja kutoka Mbeya limeandaa siku ya mazungumzo ya maridhiano, katika ukumbi wa kanisa pale Ilula. Walitaka watu wawili wawili wa vyama tofauti kutoka vijiji vyenye ugomvi. Kwetu hawakupata shida kuchagua. Nilikubali kwa sababu moja tu: nitakaa karibu na Gideoni, na mahali fulani kati ya chai na chakula cha mchana nitapata mwanya.

Mwendesha mazungumzo alikuwa kijana msafi anaitwa Clement, mpole, mwenye kalamu za rangi nne mfukoni. Alibandika ukutani karatasi kubwa yenye masharti. Usimkatize mwenzako. Usitumie lugha kali. Kabla ya kujibu, rudia alichosema mwenzako mpaka akubali kwamba umemsikia. Alikuwa na kadi ya njano ya kuonyesha mtu akikosea. Sina ubaya naye, na huenda mahali pengine mambo yake yanafaa. Lakini alituketisha uso kwa uso, magoti yanakaribia kugusana, akatuomba tuheshimiane, yaani akatupatia panga tulilokuwa tunalitumia tayari.

"Nimemsikia dada Lusia akisema," alianza Gideoni, "kwamba soko la bondeni halina maji wala choo, na kwamba wafanyabiashara walihitaji kushirikishwa zaidi. Namshukuru kwa maoni yake."

"Nimemsikia ndugu mwenyekiti akisema," nikajibu, "kwamba usalama ni jambo la kwanza, na kwamba mlango wa ofisi yake uko wazi. Nami nampongeza kwa moyo wake wa utumishi."

"Vizuri sana!" alisema Clement. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Mnaona inavyowezekana?"

Tuliendelea hivyo saa nzima. Hata mara moja Gideoni hakupandisha sauti. Alinitazama kwenye paji la uso, kama mtu anayetazama saa ya ukutani, na mimi nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Nilimchukia siku ile kuliko siku ya maiki.

Mwisho Clement aliuliza kama kuna aliye na neno la ziada. Nikaona ndiyo nafasi yangu.

"Baba anaumwa," nikasema. "Anakuulizia."

"Mfikishie mzee salamu za pole za serikali ya kijiji," alisema Gideoni.

"Serikali ya kijiji?" Damu ilinipanda. "Wewe mbwa, mjomba wako anakata roho unamtumia salamu za seri..."

Clement akanyanyua kadi ya njano. "Dada Lusia, tukumbuke masharti yetu. Jaribu kulisema upya bila lugha kali."

Nilimwona Gideoni. Niliposema mbwa alikuwa ameinua kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu uchaguzi alinitazama machoni, mdomo umefunguka kidogo. Alikuwa na jibu, nilimwona nalo. Kisha akaiona kadi, akafunga mdomo.

"Nimemsikia dada Lusia," alisema, "akisema kwamba mzee anaumwa."

Tulipigwa picha tumeshikana mikono. Wanasema iko mahali fulani mtandaoni na watu wengi wameipenda.

Baba alikuwa ananingoja macho wazi. "Amesemaje?"

"Amekutumia salamu za pole za serikali ya kijiji."

Aligeukia ukutani, na hakuimaliza wiki.

Siku ya maziko walikuja wote, upande wao na wetu, kwa sababu baba alikuwa amewafundisha nusu yao kuimba kwaya. Lakini walikuja kama timu mbili. Turubai lilikuwa la kwetu, kwa hiyo wao wakasimama juani kando ya uzio kuliko kukaa chini yake. Kaburi walichimba vijana wetu peke yao. Vijana wao walikuja na majembe wakaambiwa hayahitajiki, na hawakuondoka, wakabaki wameyashika. Mawe ya kujengea kingo za kaburi yalikuwa yamerundikwa pale, na niliwaona vijana wetu wameyasogelea kuliko ilivyohitajika. Harufu ya ulanzi wa asubuhi ilitoka pande zote mbili.

Gideoni alikuwa amevaa koti.

Jeneza lililetwa, likawekwa kwenye udongo mpya. Mchungaji Saulo, kijana wa kutoka Rungwe ambaye hakuwa amemaliza mwaka kwetu, alisoma neno. Kisha mshereheshaji akasema tutapata salamu za serikali ya kijiji. Gideoni akasogea mbele, akavua kofia, akatoa miwani.

"Ndugu wafiwa," alisema. "Kwa niaba ya serikali ya kijiji, na kwa niaba yangu binafsi, napenda kutoa salamu za rambirambi kwa familia ya marehemu Mzee Sifaeli, ambaye alikuwa mwananchi mtiifu na..."

Mwananchi! Mjomba aliyembeba mabegani kumpeleka kliniki. Mfiwa anatakiwa akae kwenye mkeka ainamishe kichwa, na mimi nilikuwa nimeinamisha. Sijui nilisimama lini.

"Funga bakuli lako!" nikasema.

Alinitazama juu ya miwani.

"Funga hilo bakuli, mume wangu mbovu, mdomo unanuka salamu! Huyu hapa ni mwananchi? Ulikula viazi vyake ukaharisha kitandani kwake, leo ni mwananchi? Koti lenyewe umeazima, mabega yanakucheka!"

Hakuna aliyejua kama ni utani au ni ugomvi. Nitasema kweli, hata mimi sikujua. Nilitaka kumuumiza. Upande wa uzio mtu mmoja alisema kwa sauti, "Huyo mama anamtukana mwenyekiti mbele ya maiti," na majembe yakainuka. Vijana wetu wakainama kwenye mawe. Mchungaji Saulo akanyoosha mikono yote miwili, "Jamani, jamani, tuko makaburini," na hakuna aliyemtazama. Walikuwa wanamtazama Gideoni. Neno moja tu la mwenyekiti lilitosha.

Alikunja miwani. Akaitia mfukoni, akavua koti, akamtupia mtu aliyekuwa karibu. Akaja moja kwa moja upande wangu, nikakunja ngumi. Alinipita, akafika ukingoni, akarukia ndani ya kaburi la baba yangu.

Tulisikia kishindo, kisha sauti yake kutoka chini, ile ya zamani, ya barabarani.

"Kaburi lenyewe fupi! Nyie mlimpima kweli au mlipima uchoyo wake? Miguu yake ya matege itakaaje humu? Halafu mmechimba watu wa chama kimoja tu, ndiyo maana limepinda upande!"

Mama mmoja mzee alicheka, akaziba mdomo. Mchungaji alitaka kusogea, wazee wakamshika mkono.

"Toka humo," nikasema. Nilikuwa nimefika ukingoni. Amelala chali, mikono kifuani, udongo kwenye shati jeupe. "Toka, baba yangu anataka kulala."

"Sitoki. Huyu mzee alikuwa na binti mmoja tu, na huyo mmoja mdomo wake ulimkimbiza Anord mpaka Igawa. Akakaa chini apumzike..."

"Nyamaza!"

"...akasikia bado unaongea!"

"Hayo ulishayauza!" Sauti yangu ilipasuka, nikaiacha ipasuke. "Hayo yalikuwa ya jikoni kwangu! Ulinipa ukaninyang'anya, ukawapa watu wa fulana! Wale ni wajomba zako? Wale walinijua mimi? Utani hauna spika, Gideoni! Utani una watu wake!"

Pale chini alikuwa ameacha kutabasamu, lakini hakuinuka.

"Na wewe je?" alisema. "Mke wangu kakatwa mguu, nimekaa pale kwenye benchi kama gunia. Nikakuona unakuja. Nikasema moyoni, huyu sasa atanitukana, nitapumua. Unajua ulisemaje? Mungu akutie nguvu wewe na familia! Kama unanifungulia semina! Afadhali ungenitemea mate!"

"Ulistahili!"

"Na hizo meza zako! Unataka kumfunga kitenge nani tena? Umemvuta wewe kwenye lami, umeiona damu, na kesho yake umepanga nyanya pale pale! Wewe ni mtu au ni jiwe?"

"Nilipanga kwa sababu ninakula! Soko lako halina choo, halina tone la maji, basi halifiki! Ulituuliza? Hata mkeo hukumuuliza! Mwenyekiti mzima unajenga soko mahali ambapo mkeo hauzi!"

"Basi ungeniambia!"

"Nilikuambia! Nilisimama na chama kizima nikakuambia!"

"Hukuniambia mimi! Uliwaambia watu kwamba mimi ni mwizi wa maendeleo! Ungekuja mlangoni ukaniita mjinga, ningesikia!"

Hapo vijana wa pande zote walikuwa wamesogea mpaka ukingoni ili wasikie, wamechanganyika bila kutaka, mwenye jembe bega kwa bega na mwenye jiwe. Mmoja wa upande wake alidakia kwamba choo kimo kwenye mpango. Wa kwetu akamwambia mpango haukaliwi. Wakaanza kubishana wenyewe juu ya bomba na mtaro, matusi matupu, na mzee mmoja akawaambia wanyamaze, watani hawajamaliza.

"Toka, Gideoni," nikasema. Nilikuwa nimechoka. "Jua linamchoma baba. Unataka nini?"

"Nisalimie."

"Nini?"

"Nisalimie, ndipo nitoke. Mwaka mzima hujanisalimia."

Nilimtazama. Mvi zimeanza kumtoka puani. Nilikuwa bado namchukia, lile la maiki lilikuwa bado liko pale pale na bado liko mpaka leo. Nyuma yangu baba alikuwa kwenye sanduku anasubiri, na nilikuwa nimemwahidi.

"Mume wangu mbovu," nikasema, "bado hujafa?"

Alifunga macho. Kifua chake kilipanda na kushuka.

"Bado, mdala wangu," alisema. "Ila nimeshapima. Linanitosha."

Sijui nani alianza, mimi au wale kina mama, lakini nilicheka, na kicheko kikageuka huko huko kooni nikakaa chini kwenye udongo nikamlilia baba yangu kwa mara ya kwanza. Gideoni alijaribu kutoka akateleza. Goodness akaja na mkongojo wake, akaushusha ndani ya kaburi akisema, "Shika, mwenyekiti, inatosha kugombea huko chini," na vijana wawili, mmoja wa kila upande, wakamshika Goodness asije akaanguka. Kisha tulimzika Mzee Sifaeli. Majembe ya upande wao yalitumika.

Msinielewe vibaya. Kwa Peter bado wananywa wao na kwa Frida tunakunywa sisi. Kanisani bado kuna kulia na kushoto. Uchaguzi ujao nitagombea na safari hii nitamwangusha, nimeshamwambia, akasema ataanza kufunga mizigo ya Malawi.

Siku chache baada ya matanga alikuja tena barabarani, mgambo nyuma yake. Tulikuwa tumesimama mbele ya meza zetu, mawe yakiwa chini yake. Alisimama mbele yangu, akatazama lami, akatazama mtaro ulio nyuma ya meza.

"Kizee," alisema, "rudisha haya mabanzi yako nyuma ya mtaro. Nyuma, nimesema! Mpaka choo kichimbwe kule bondeni, mtakaa hapo. Na nitakayemwona anakimbilia basi nitamvunja miguu mwenyewe."

"Nyuma ya mtaro abiria wataniona kwa kitu gani, kwa tochi?"

"Wataona huo mdomo. Unaonekana tangu Igawa."

Mgambo hawakujua watazame wapi. Mimi nilikuwa natafuta jiwe, au jibu, lolote litakalotangulia mkononi. Kabla sijapata, alinyoosha mkono juu ya meza yangu, akachukua nyanya iliyoiva kuliko zote, hakuomba, akaing'ata mpaka maji yakamchuruzika kwenye koti, akaondoka zake.

Nilimtupia nyingine. Ilimpata mgongoni.